Saa yangu ilimaliza marathoni kabla yangu

Wasomaji wangu, samahani kwa kimya cha majuma matatu. Sikuwa mgonjwa, wala kazi haikunizidi. Nilikuwa nimenuna tu. Nilikimbia marathoni hapa Nairobi, ya tatu maishani mwangu, nikiwa na lengo moja: kumaliza chini ya muda wa saa 4. Nilimaliza kwa saa 4, dakika 1 na sekunde 15. Leo hasira zimepungua na naweza kuandika bila kutukana mtu.

Wacha kwanza nieleze kwa nini huo muda ni muhimu hivyo. Mkenya kusema kwamba anakimbia ni kujitafutia balaa. Askari wa lango letu huniuliza kila mara, "Ulikuwa namba ngapi?" Marehemu Kelvin Kiptum alikimbia Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35. Mtu wa aina hiyo ameshahojiwa na wanahabari wakati mimi bado naomba maji kwenye kilomita ya 25. Kwa sisi wa nyuma hakuna namba, kuna muda tu, na muda huo nilikuwa nimeuamkia saa kumi alfajiri kwa karibu mwaka mzima.

Basi nikafanya hesabu. Saa 4 ukigawanya kwa kilomita 42.195 unapata dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita. Nikajiwekea akiba ya sekunde 2, nikaiambia saa yangu ya GPS initetemeshe mkono kila nikitoka kwenye mwendo wa 5:39. Nikaitii kama mtumwa.

Kwenye kilomita ya 10 saa ilitetemeka kabla sijafika kwenye kibao. Nikaona ni mita mia moja na kidogo, si kitu. Kufika kibao cha 30 tofauti ilikuwa zaidi ya mita 350, na nikawalaumu waliopanga vibao. Kando yangu alikuwa mzee mmoja mwenye saa ya kawaida kabisa, na muda wa kila kilomita 5 alikuwa ameuandika kwa kalamu mkononi. Akifika kwenye kibao anaangalia mkono, basi.

"Mzee, hivi vibao vyao si sawa," nikamwambia.

"Kijana, wewe utamalizia wapi? Kwa hiyo saa ama kule mbele?"

Akaongeza mwendo kidogo. Nami, wasomaji, nilikuwa na nguvu ya kumfuata. Nilimwacha aende kwa sababu saa ilisema niko sawa.

Saa yangu ilitimiza kilomita 42.195 kwa saa 3, dakika 58 na sekunde 24. Ikalia, ikanipongeza. Mimi nilikuwa barabarani bado, na mstari ulikuwa nusu kilomita mbele. Sijawahi kuchukia pongezi namna hiyo. Nilipovuka mstari iliandika kilomita 42.7, wastani 5:39. Nilifanya hasa nilichoambiwa. Ningekimbia 5:37 kwa saa hiyo hiyo, ningemaliza kwa 3:59:50.

Sasa tuingie kwenye mambo yetu. Njia ya marathoni iliyoidhinishwa haipimwi kwa GPS. Hupimwa kwa baiskeli. Gurudumu la mbele hufungwa kifaa kinachohesabu mizunguko, kinaitwa Jones Counter, kilichobuniwa mwaka 1971. Mpimaji huendesha kwanza kwenye kipande cha barabara kilichopimwa kwa utepe wa chuma ili ajue hesabu ngapi ni kilomita moja, kisha hufuata njia fupi kabisa inayowezekana, sentimita 30 kutoka ukingoni kwenye kona. Mwishoni huongezwa moja kwa elfu, yaani mita 42, ili njia isije ikawa fupi.

Saa yangu nayo inasikiliza setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu, inakadiria nilipo kila sekunde, halafu inaunganisha nukta hizo kwa mistari. Kila nukta inaweza kukosea mita kadhaa, kushoto au kulia. Ukiunganisha nukta zinazoyumba unapata mstari wa kuyumba, na mstari wa kuyumba kwa kawaida ni mrefu kuliko ulionyooka.

Lakini si uongo wote. Kipande kingine cha hiyo nusu kilomita nilikikimbia kweli. Nilikwepa watu, nilivuka barabara kufuata maji, na kwenye zile kona pana za Southern Bypass nilipita nje kwa nje. Ukizunguka nusu duara mita 1 nje ya njia fupi, umeongeza mita 3.14. Hapo saa haikukosea. Ilijibu swali lingine: miguu yangu ilienda wapi. Mashindano yanauliza barabara ina urefu gani.

Kinachoniuma ni kwamba kosa hili nimewahi kulifanya mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya kuwalipa watu wa bodaboda kwa kilomita, nikitumia GPS ya simu zao. Nilionyesha umbali kwa desimali mbili, kwa sababu hivyo ndivyo fomula ilivyotoa. Wakalalamika kwamba hauendani na mita ya pikipiki. Niliwajibu kwa kiburi kwamba tarakilishi haikosei. Mita ya pikipiki huhesabu mizunguko ya gurudumu, jamani! Walikuwa na Jones Counter yao pale pale, na mimi nikawafundisha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: programu inayoonyesha 5:39 bila kuonyesha shaka yake imekosea, hata kama hesabu ni sahihi. Mkimbiaji anaamua kuongeza au kupunguza mwendo kwa sekunde 2, na chombo hakiwezi kuziona hizo sekunde 2. Mwonyeshe kati ya 5:35 na 5:45, aamue mwenyewe. Au mpe kitufe cha kubonyeza kwenye kila kibao ili umbali ujirekebishe. Kweli, kibao kimoja kimoja huweza kusogezwa kikafungwa kwenye nguzo ya karibu. Mstari wa mwisho hausogezwi.

Saa yangu haina kitufe hicho. Nimeandika programu ndogo ya mistari kumi inayochapa muda wa kila kilomita 5, nami nitaunakili mkononi kwa wino usiotoka kwa jasho. Anayeitaka aniandikie hapo chini, na mwenye marathoni aseme saa yake ilisoma ngapi.

Askari wa lango naye aliniuliza kama kawaida. Nikamwambia: 4:01:15.

Akafikiri kidogo. "Hiyo ni namba kubwa sana, mkubwa."