Ukituma Lokesheni, Tuma na Hali ya Barabara

Ndugu mkulima, siku hizi ukimpigia dereva wa Fuso kwamba mzigo wa nyanya uko tayari, haulizi tena njia inapita wapi. Anasema, "Nitumie lokesheni." Ni jambo jema. Lakini kwa maoni yangu, kikundi kinachotuma lokesheni peke yake kimefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo inayoozesha nyanya.

Tuanze na chombo chenyewe. GPS ni mfumo wa jeshi la Marekani, na setelaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia, ikatunguliwa katika anga ya Usovieti na watu 269 wakafa. Baada ya hapo Rais Ronald Reagan alitangaza kuwa mfumo huo utakuwa wazi kwa raia. Hata hivyo, jeshi liliendelea kupotosha makusudi mawimbi ya kiraia, kosa likafika hata mita 100. Kwa dereva, mita 100 ni barabara nyingine kabisa. Mei 2000 Rais Bill Clinton aliamuru upotoshaji huo uzimwe. Vifaa vya kuweka kwenye dashibodi vikaenea, na kuanzia mwaka 2009 Google ikaanza kutoa bure huduma ya kuelekeza njia kwa sauti kwenye simu za Android.

Setelaiti hizo huzunguka takriban kilomita 20,200 juu yetu, kila moja ikiwa na saa ya atomiki. Simu hupima muda ambao mawimbi yametumia kufika, na ikipata setelaiti nne inajua ilipo. Simu inapokea tu, haitumi kitu kule juu. Ndiyo maana kujua ulipo hakuhitaji bando. Kinachohitaji bando ni ramani, nayo unaweza kuipakua mapema ukiwa mjini.

Sasa tatizo ni hili: setelaiti inajua gari liko wapi, haijui barabara ikoje. Korongo linalopitika Septemba linaweza kusomba gari Aprili, na mstari wake kwenye ramani ni uleule. Njia ya bodaboda na njia ya lori vinaweza kuonekana sawa. Gari likikwama usiku, dereva anapata usumbufu, lakini hasara ni ya mkulima. Nyanya iliyoiva haisubiri, na dalali akiona imelegea anashusha bei.

Wapo wanaosema dereva aulize watu njiani kama zamani. Saa nane usiku atamuuliza nani? Taarifa itoke kwetu kabla gari halijawashwa.

Nashauri kila kikundi kifanye haya:

1. Chukueni alama kwenye kituo cha kukusanyia mazao, si nyumbani kwa mwenyekiti. Simama mahali pa wazi, mbali na miti mikubwa, usubiri kidogo simu itulie.

2. Andikeni namba zake kwenye daftari la kikundi, angalau tarakimu nne baada ya nukta. Mkiishia mbili, mnaweza kukosea kwa mamia ya mita. Msisahau alama ya kutoa mwanzoni, kwa kuwa sisi tuko kusini mwa Ikweta. Shamba la Morogoro likikosa alama hiyo linaonekana liko Ethiopia.

3. Mteueni mtu mmoja wa kutoa taarifa ya njia siku ya mzigo: daraja lipi limeharibika, kilima kipi kinateleza, lori litageuzia wapi.

4. Mwambieni dereva mapema kwamba simu ikisema kata kushoto na mwenyeji akasema hapapitiki, amsikilize mwenyeji.

Kazi hii haihitaji mfadhili wala semina. Tunatenga fedha za matenga na za vibarua wa kuchuma, lakini taarifa ya njia tunaiacha kama bahati nasibu. Iwe sehemu ya maandalizi ya mavuno kama yalivyo matenga. Kikao kijacho cha kikundi, iwekeni kwenye ajenda kabla mvua za masika hazijaanza.