Sarafu Ngeni Katika Chenji

Aghalabu sarafu ya Tanzania ikipenya katika chenji pale Namanga au Taveta, aliyeipokea humsukumia makanga gizani. Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuihifadhi. Sarafu za Tanzania zilizoanza kutolewa mwaka 1966 zilitaja thamani yake kwa Kiswahili: senti hamsini, shilingi moja. Za Kenya za mwaka uo huo zilitaja yake kwa Kiingereza, ilhali muuza mboga na mteja wake walihesabiana kwa Kiswahili! Kabla ya hapo, tangu 1921, Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja, na senti kumi yenye tundu ilivuka mipaka pasi na kuulizwa itokako. Mhadhiri afunzaye sera ya lugha na aanze na kopo la sarafu hizo.