Mwanasiasa Kwenye Kiti cha Hukumu

Wapo wazee wetu hapa Masaki wanaoshikilia kwamba mtu aliyewahi kushika siasa asiketi kamwe kwenye Baraza la Kata. Atawabeba watu wake, wanasema. Hofu hiyo siibezi. Watu wanagombea mpaka wa shamba. Mmoja anaonyesha mkorosho uliopandwa na babu yake, mwenzake anaapa kuwa mkorosho huo ni wa kwao, na msuluhishi ni yule waliyemwona majuzi jukwaani na kofia ya chama. Nani atamwamini? Tena tangu 2021 baraza halihukumu kesi za ardhi, linasuluhisha tu. Msuluhishi asiyeaminika hana kitu mkononi.

Hata hivyo, ndugu zangu, mtazameni Joseph Sinde Warioba. Alikuwa Mwanasheria Mkuu, akawa Waziri wa Sheria, kisha Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990. Mwaka 1995 aligombea ubunge Bunda akashindwa na Stephen Wassira wa NCCR-Mageuzi. Akafungua kesi, na uchaguzi ule ukatenguliwa. Mwaka 1996 akawa miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg, na 2001 miongoni mwa majaji sita wa kwanza wa Mahakama ya Afrika Mashariki. Leo nchi nzima inamwita Jaji Warioba.

Mimi namheshimu zaidi kwa lililofuata. Rasimu ya Katiba aliyoiwasilisha mbele ya Bunge Maalumu, Dodoma, Machi 2014, ilipendekeza Muungano wa serikali tatu, ilhali chama chake mwenyewe kilisimamia mbili. Ikawawekea wabunge ukomo wa vipindi vitatu, na wapigakura wakapewa haki ya kumwondoa mbunge wao. Tume iliyoyaandika hayo iliongozwa na mtu aliyekaa bungeni miaka mingi! Novemba mwaka huo alivamiwa kwenye mdahalo wa Katiba pale Ubungo Plaza. Hakuyameza maneno yake.

Basi enyi wajumbe wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mnaochagua watu wa baraza, jina likiletwa mezani takeni ushahidi: ni lini mtu huyu alimwambia ndugu yake, au mwanachama mwenzake, kwamba shamba si lake? Asipopatikana wa kushuhudia, mwacheni, awe mwanasiasa au asiwe. Na akipatikana, msimnyime kiti kwa sababu ya kadi ya chama iliyo kabatini mwake.