Aliyepigwa Ndiye Mwamuzi
Tangu 1966, chama cha Society for Creative Anachronism, kilichozaliwa Berkeley, California, kimekuwa kikiwavalisha watu wazima deraya na kuwaingiza uwanjani wapigane kama mashujaa wa Ulaya ya Zama za Kati. Panga zao ni za henzerani, lakini kipigo si cha mzaha. Ndiyo maana chapeo lazima iwe ya chuma, na wengi hujifulia deraya wenyewe, wakigonga bamba kwa nyundo hadi lifuate goti au kiwiko. Kinachonivutia zaidi ni sheria: refa hatangazi nani kauawa, aliyepigwa ndiye hukiri na kuanguka. Wanasoka wanaojirusha ndani ya kumi na nane bila kuguswa wapelekwe huko msimu mmoja.