Umeamkaje? Swali Linalosahauliwa Baada ya Kubadilishiwa Goti

Kila asubuhi wilayani Igunga watu hujuliana hali kwa kuulizana walivyoamka, na jibu huwa lilelile: salama. Ni jibu la adabu. Mgonjwa aliyewekewa goti bandia hulitoa hata kama usiku kucha alikuwa ameketi kitandani akilikanda goti lake. Humjibu hivyo jirani. Humjibu hivyo daktari pia. Kliniki ya marudio hukagua kidonda, mkunjo wa goti na mwendo, lakini mara nyingi husahau usingizi. Kusahau huko kuna gharama.

Upasuaji wa kubadilisha goti au nyonga huwaondolea wengi mateso ya miaka. Hata hivyo, tafiti za nchi mbalimbali zinaonesha kuwa takriban mgonjwa 1 kati ya 5 waliobadilishiwa goti, na 1 kati ya 10 waliobadilishiwa nyonga, hubaki na maumivu ya muda mrefu. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, unayatambua maumivu yanayodumu zaidi ya miezi 3 baada ya upasuaji kuwa tatizo la kiafya linalojitegemea. Kwa hiyo anayelalamika mwezi wa nne, kovu likiwa limekwisha kufunga, si mdekaji.

Usingizi wa mang'amung'amu katika wiki za mwanzo ni jambo la kutarajiwa: goti limevimba, kugeuka ni taabu, na baadhi ya dawa kali za maumivu huvuruga usingizi. Kwa kawaida hali hiyo hupungua kadiri goti linavyopona. Isipopungua, hujenga mzunguko mbaya. Maumivu hukata usingizi. Usingizi uliokatika hupunguza uwezo wa ubongo wa kutuliza maumivu. Kesho yake goti lilelile huuma zaidi. Mgonjwa aliyechoka huacha mazoezi, goti hukakamaa, na moyo huanza kukata tamaa.

Hapo ndipo duka la dawa huwa karibu kuliko daktari. Vidonge vya diklofenaki vikimezwa kwa miezi bila usimamizi huweza kusababisha vidonda vya tumbo na kuharibu figo, hasa kwa mzee mwenye shinikizo la damu. Tramadol nayo huweza kuleta utegemezi.

Itasemwa kwamba foleni ni ndefu, na kwamba aliyepasuliwa Dar es Salaam hawezi kusafiri zaidi ya kilomita 700 ili aulizwe alivyolala. Ni kweli, lakini simu inafika. Nchini Uingereza, wagonjwa waliokuwa na maumivu makali miezi 3 baada ya kubadilishiwa goti walichunguzwa, wakaelekezwa kwenye tiba iliyowafaa, kisha wakafuatiliwa kwa simu hadi mara 6 katika mwaka mmoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionesha kuwa maumivu yao yalipungua kuliko ya waliopata huduma ya kawaida. Tofauti haikuwa kubwa, lakini haikuhitaji mashine mpya.

Yafaa basi kila aliyebadilishiwa kiungo aulizwe, ifikapo mwezi wa 3, maswali matatu: Unalala saa ngapi? Nini kinachokuamsha? Umekunywa dawa gani, na nani aliyekupa? Maumivu ya kuunguza au ya kuchoma kama umeme huashiria mishipa ya fahamu, nayo yana dawa zake. Hofu na huzuni huhitaji mazungumzo. Goti lililokakamaa huhitaji mtaalamu wa fiziotherapia. Kazi hiyo yaweza kuanzia zahanati, na inayozidi uwezo wake ikapelekwa hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Nkinga.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Homa, usaha, wekundu unaoongezeka, au uvimbe wa ghafla wa mguu si mambo ya kusubiri tarehe ya kliniki. Humpasa kwenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa mengine, aamke saa ileile kila siku, apunguze chai na kahawa jioni, na afanye mazoezi mchana.

Na daktari akimwuliza alivyoamka, asijibu salama kwa adabu tu. Jirani atalipokea jibu hilo na kupita; daktari huliandika kwenye faili, na matibabu hufuata kilichoandikwa.