Fimbo na Mtoto Mwenye Usonji

Katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita ilitolewa hoja ya kwamba fimbo ndiyo mwalimu wa kwanza. Mjadala ulikuwa wa kupendeza, na walioiunga mkono hoja walishinda kwa kura; silipingi hilo, maana kura ni kura. Lakini msemaji mmoja wa upande huo alitia neno ambalo halikupata kujibiwa, kwa kuwa muda ulikwisha. Alisema ya kwamba hata wale watoto wenye usonji, wapigao makelele na kujiuma mikono, wakichapwa hutulia. Basi ikiwa fimbo yaweza kumtuliza yule, itashindwaje kwa mtoto mwingine? Watu wakapiga makofi. Nataka kulijibu neno hilo hapa, kwa sababu naona lina hatari kuliko hoja yenyewe.

Yafaa kwanza tuelewane usonji ni nini. Si kichaa, wala si ukaidi, wala si laana ya ukoo, wala haukuletwa na mama asiyejua kulea. (Hata huko Marekani walikuwapo wasomi waliowatwika akina mama mzigo huo kwa miaka mingi, mpaka Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto wa hali hiyo, alipoandika kitabu mwaka 1964 kuwapinga.) Ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo huanza mapema sana katika maisha ya mtoto. Maelezo yaliyoifanya ijulikane sana yalitolewa mwaka 1943 na tabibu Leo Kanner wa Baltimore, aliyeandika habari za watoto 11. Mtoto wa namna hii huona taabu kuelewana na watu, hupenda mambo yaende vilevile kila siku, na aghalabu masikio na ngozi yake hupokea vitu kwa namna isiyo yetu. Mvua ikinyesha juu ya bati sisi hupaza sauti na kuendelea na somo. Yeye huenda akaona kwamba kichwa chake kinapigwa nyundo. Wengine husema vizuri kabisa, tena maneno magumu. Wengine hufika utu uzima bila kutamka neno. Wala si wote wenye fujo.

Sasa tuje kwenye fimbo. Msemaji wetu hakusema uongo mtupu. Adhabu yaweza kunyamazisha, na jambo hili lilikwisha kujaribiwa na wataalamu, kwa ukali kupita fimbo ya mpera. Katika miaka ya 1960 alikuwapo Ivar Lovaas, mzaliwa wa Norway, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Aliwachukua watoto ambao watu wengine walikuwa wamekata tamaa nao, wengine wakijipiga vichwa hata kutoka damu. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 1965, mapacha wawili wa miaka 5 waliwekwa miguu mitupu juu ya sakafu iliyopitishwa umeme, ili wakimbilie kwa mtu mzima. Mwaka huohuo gazeti la Life lilitoa picha za kazi yake, na ndani yake watoto waonekana wakipigwa makofi na kukemewa. Na kweli, vituko vilipungua.

Walakini, tazameni kilichofuata. Mwaka 1969 Lovaas mwenyewe, pamoja na mwenzake Simmons, walichapisha habari za watoto watatu waliokuwa wakijiumiza, wakaadhibiwa kwa umeme. Watoto waliacha upesi. Lakini waliacha mahali pale walipoadhibiwa, na mbele ya yule aliyewaadhibu. Penginepo, na mbele ya mtu mwingine, waliendelea kama kwanza. Jambo hilo halipaswi kumshangaza mwanafunzi yeyote wa shule ya bweni. Sisi sote twajua jinsi bweni linavyonyamaza mwalimu wa zamu anapopita, na jinsi linavyokuwa akishapita.

Sipendi kumdhulumu Lovaas. Alionyesha kwamba watoto hawa huweza kufundishwa, kwa hatua ndogondogo na kwa kutuzwa kila wafanyapo vema, nalo lilikuwa jambo kubwa zama zile. Mwaka 1987 alitangaza kwamba kati ya watoto 19 waliofundishwa kwa muda wa saa 40 kwa juma, 9 waliweza kusoma darasa la kwanza la kawaida. Saa 40, ndugu zangu! Sisi wenye vipindi 40 vya dakika 40 kila kimoja hatufiki saa 27, na twalalamika. Matokeo hayo yamebishaniwa sana, kwani watoto hawakugawanywa kwa kura baina ya makundi, tena adhabu ilikuwa bado imo ndani ya mafunzo. Wapo pia watu wazima wenye usonji ambao hivi leo huandika kwamba mafunzo ya namna ile yaliwafundisha kujificha tu: kutazama watu machoni kwa mateso, kuacha kupunga mikono ijapokuwa kupunga mikono hakumdhuru mtu. Nami nakubaliana nao. Si kila jambo la ajabu ni jambo baya.

Umeme nao haukuisha upesi. Mjini Canton, katika jimbo la Massachusetts, kiko kituo kilichoendelea kuutumia kwa wanafunzi wake hata katika karne hii. Serikali ya Marekani ilipiga marufuku chombo hicho mwaka 2020. Mahakama ikaitengua marufuku mwaka 2021. Bunge likarekebisha sheria mwaka 2022. Na mwaka 2024 serikali ikatangaza tena kusudio la kukikataza. Nayataja haya ili mtu asidhani kwamba ukali ni desturi ya watu wasiosoma peke yao. Wenye shahada walikuwa nao, na mawakili wa kuutetea wakapatikana.

Kasoro ya fimbo na umeme ni moja: vyote viwili havina haja ya kuuliza kwa nini. Mtoto ameuma, na apigwe. Lakini kwa nini ameuma? Hapo ndipo tiba ilipochukua njia nyingine. Mwaka 1982 Brian Iwata na wenzake, huko Baltimore, waliwachunguza watoto na vijana 9 waliokuwa wakijiumiza. Hawakuanza kwa kuwazuia. Waliwaweka katika hali mbalimbali, kila moja kwa muda wa dakika 15: mara peke yake, mara pamoja na mtu asiyemjali mpaka ajiumize, mara apewe kazi, na akijiumiza kazi iondolewe, mara wacheze naye kwa raha. Kwa 6 kati ya hao 9, kujiumiza kulizidi katika hali fulani maalumu, na hali yenyewe haikuwa moja kwa wote. Maana yake ni kwamba kitendo kinachofanana machoni petu kilikuwa na sababu mbalimbali. Huyu alitaka kuangaliwa. Yule alitaka kazi imwondokee.

Kisha wakaja Edward Carr na Mark Durand mwaka 1985, na kwangu mimi kazi yao ndiyo bora kuliko zote katika habari hii. Walikuwa na watoto 4 wenye matatizo ya ukuaji waliokuwa wakifanya fujo darasani. Wakatafuta kwanza fujo ile ilikuwa ikiwapatia nini. Aliyefanya fujo kazi inapokuwa ngumu wakamfundisha kusema kwamba hajaelewa, naye akasaidiwa. Aliyefanya fujo ili aangaliwe wakamfundisha kumwuliza mwalimu kama anafanya vizuri, naye akasifiwa. Fujo ikashuka sana. Lakini sikilizeni jambo lenyewe: walijaribu pia kuwafundisha neno lisilohusiana na shida yao, na neno hilo halikufaa kitu. Haikuwa kusema tu kulikowatuliza. Ilikuwa kupata kile walichokihitaji kwa njia isiyoumiza. Basi fujo ile ilikuwa maneno tangu mwanzo, nasi hatukuwa tumeyasikia.

Mtu atasema hayo ni mambo ya vyuo vikuu vyenye fedha. Mimi naona kinyume. Mafunzo ya saa 40 kwa juma ndiyo ya fedha. Kuuliza kwa nini kwahitaji daftari na penseli. Tuseme katika shule ya msingi yupo mtoto wa miaka 7, hasemi, ambaye humwuma mwenziwe karibu kila siku saa nne, wakati wa uji. Mwalimu mwenye daftari ataandika mambo matatu kwa muda wa majuma mawili: kilichotangulia, alichofanya mtoto, na kilichofuata. Pengine ataona kwamba siku ambazo mtoto huyu hutangulia kwenye foleni haumi. Hapo ashuku msukumano wa watu au njaa. Pengine ataona kwamba mtoto akiuma huondolewa na kuketishwa peke yake chini ya mwembe, na hapo hutulia kabisa. Basi mwembe ndio alioutaka! Kila aumapo hupewa mwembe, na sisi twadhani tumemwadhibu. Dawa yake ni kumfundisha kuuomba mwembe kabla ya kuuma: kwa kumpa mwalimu kipande cha boksi kilichochorwa mti, au kwa ishara ya mkono, na mwanzoni kila aombapo apewe palepale, asiambiwe ngoja. Na aumapo asipelekwe mwembeni papo hapo, maana tutakuwa tumemlipa. Siku za kwanza huenda akazidisha kuuma, kwa kuwa njia yake ya zamani imezibwa. Wengi hapo hukata tamaa na kurudia fimbo.

Kabla ya daftari, hata hivyo, mtazameni kinywa na masikio. Mtoto asiyeweza kusema jino linamwuma ataonyesha jino hilo kwa kichwa chake ukutani. Kadhalika tumbo lililofunga, na usiku wa kukosa usingizi. Ni aibu kumfundisha adabu mtoto mwenye jipu sikioni.

Juu ya dawa za hospitali nitasema machache. Hakuna dawa iondoayo usonji. Huko Marekani risperidoni iliidhinishwa mwaka 2006, na aripiprazoli mwaka 2009, kwa ajili ya kupunguza hasira kali ya watoto hawa. Husaidia wengine, nazo huleta usingizi na kunenepa kusiko kwa kawaida, hivyo ni kazi ya daktari, si ya duka. Juu ya wale wauzao mizizi na maji ya kuponya usonji kwa majuma matatu sina neno ila kwamba wazazi wanaohangaika hawastahili kuibiwa.

Wako pia wanaosema kwamba wataalamu hatunao, basi tusubiri. Kweli ni wachache. Lakini Shirika la Afya Duniani limetengeneza mafunzo kwa ajili ya mahali kama petu, ya wazazi na walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: mikutano 9 ya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na mwalimu wake si lazima awe daktari. Ndani yake mna mambo hayahaya: kucheza na mtoto, kumsaidia aeleze haja yake, kuzijua sababu za fujo. Shule yetu inayo bwalo ambalo hukaa tupu kila Jumamosi alasiri. Mimi napendekeza kwa Mkuu wa Shule na kwa kamati ya wazazi kwamba litolewe kwa kazi hiyo, kama Ofisi ya Ustawi wa Jamii itapata mtu wa kufundisha. Na sisi wa kidato cha tano tuwaangalie watoto nje wakati wazazi wao wakijifunza.

Tena sheria yenyewe haimwungi mkono msemaji wetu. Kanuni za viboko za mwaka 2002, ambazo upande wake ulizitaja kwa fahari, ziliweka ukomo wa viboko 4, lakini zilitaka pia adhabu ipimwe kwa uzito wa kosa, na kwa umri, jinsia na afya ya mwanafunzi. Kosa liko wapi kwa mtoto aliyeziba masikio akapiga kelele kwa sababu ya kengele? Na afya yake ilipimwa na nani kabla ya mkono kuinuliwa?

Limebaki swali moja, ambalo rafiki yangu aliniuliza nilipomsomea maneno haya, nalo ni la haki. Alisema: hayo ya daftari ni ya majuma mawili, lakini mtoto ameng'ang'ania mkono wa mwenziwe kwa meno sasa hivi, nifanye nini? Usimvute aliyeumwa, utachana ngozi. Usogeze mkono ule taratibu kuelekea kinywani, na mara nyingi meno yatalegea. Waondoe wengine, si yeye. Nyamazisha redio. Usimhubirie, maana saa ile hasikii. Sema maneno mawili au matatu kwa sauti ya chini, ukae karibu bila kumshika isipokuwa anataka kujiumiza, ukaweke kitu laini baina ya kichwa chake na ukuta. Msafishe aliyeumwa kwa maji na sabuni, umpeleke zahanati kama ngozi imetoboka. Halafu, wote wakishatulia, ulichukue daftari ukaandike ilikuwa saa ngapi na nini kilitangulia.