Jeni za Bluberi na Fedha za Umma

Wapo wanaouliza kwa kejeli kwa nini serikali ya Marekani igharimie utafiti wa jeni za bluberi. Nawakumbusha Aprili 2007. Joto la Machi lilikwisha kuyaamsha matumba ya maua kusini-mashariki mwa nchi hiyo. Pasaka ikaja na jalidi, na wakulima wengi wakapoteza mavuno.

Huko Beltsville, Maryland, watafiti wa Idara ya Kilimo walikuwa wamebaini kwamba baridi inapoingia, matumba hujilimbikizia protini ziitwazo dihaidrini, na kwamba aina stahimilivu huwa nazo nyingi zaidi. Kampuni binafsi nazo huzalisha aina mpya, sikatai. Lakini zao lenyewe lilitokana na subira ya umma: Frederick Coville, mtaalamu wa mimea wa idara hiyohiyo, alianza kushirikiana na mkulima Elizabeth White wa New Jersey mwaka 1911, na matunda ya kwanza yakauzwa 1916.

Kustahimili baridi ya Januari ni nusu tu ya swali. Ningependa fedha zaidi ziende kwenye nusu ya pili: ni jeni zipi hulizuia tumba lisidanganywe na joto la Machi?